Kufufua gari la zamani Malindi: chumvi kwanza, rangi mwisho

Kila anayenijia na gari la zamani huanza na swali lilelile: rangi gani ni nzuri, 2K (inayochanganywa na dawa ya kuigandisha) au NC (inayokauka yenyewe thina ikiruka)? Kisha lita ngapi, kisha siku ngapi. Bado sijampata aliyeanza kwa kuuliza gari lioshwe kwa maji gani, na kwetu sisi wa pwani hilo ndilo swali lenyewe.

Nalisema kwa sababu lilinikuta. Peugeot 504 aliyoniachia mjomba wangu imepakwa rangi mara mbili mikononi mwangu. Mara ya kwanza niliipeleka gereji, ikatoka baada ya siku sita inameremeta, majirani wakaja kuitazama. Masika hayajakatika, milango ikaanza kutoka malengelenge, kama mkono uliomwagikiwa na uji wa moto. Tulipokwangua tukakuta kutu mbichi chini ya kila lengelenge. Rangi ile haikuwa na kosa. Tulikuwa tumeifungia chumvi ndani, na chumvi huvuta maji hata kupitia rangi. Mara ya pili nilifanya mwenyewe, Jumamosi kwa Jumamosi, mwaka mmoja na miezi minne. Sasa ni mwaka wa saba, na halijatoka lengelenge hata moja.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari la chuma la miaka ya 1960 hadi 1980, liwe Peugeot 404 au 504, Datsun, Ford Escort au Volkswagen, na ambaye subira yake ni kubwa kuliko mfuko wake. Mwenye Land Rover ya zamani naye asome, ila bodi yake kwa sehemu kubwa ni alumini juu ya chesisi ya chuma. Penye tofauti nitamwambia.

Magari haya yana heshima yake. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. 504 ikashinda 1975 na 1978. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, yaliyobaki nchini ndiyo hayohayo. Bati zima ukilikata kwa pupa, la pili hulipati kirahisi.

Kanuni moja kabla ya yote

Usifungue bati usiloweza kulifunika kabla ya magharibi. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja Malindi, asubuhi kimeshageuka rangi ya chai. Ndiyo maana twenda bati mojamoja: Jumamosi hii boneti, Jumamosi ijayo mlango wa dereva. Anayekwangua gari zima kwa siku moja atalikwangua tena.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Banda lenye paa na kuta japo pande mbili, mbali na ufuo kadiri uwezavyo. Kama paa ni la makuti, tandaza nailoni au turubai chini yake, maana makuti hayaishi kudondosha vumbi na vijiti. Ndugu zangu wa Lamu ambao magari yenu hulala Mokowe: kwa muda wa kazi lisogezeni ndani ya bara, lisikae karibu na gati.
- Maji matamu. Visima vingi vya huku vina chumvichumvi. Tumia ya bomba au ya mvua uliyoyakinga. Yaonje, ulimi ukihisi chumvi, hayo si ya gari.
- Kompresa yenye tangi la lita 100 au zaidi, pamoja na kichujio cha maji kwenye bomba la hewa. Kichujio si pambo. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na kompresa huugeuza kuwa maji.
- Bunduki mbili za rangi ukiweza: ya praima (rangi ya msingi ya chini) yenye tundu la milimita 1.8 hivi, na ya rangi yenye 1.3 au 1.4.
- Grenda, brashi za waya, kibao cha msasa, na misasa namba 80, 180, 320, 400, 600, 1500 na 2000.
- Jeki na stendi nne za chuma. Usiingie chini ya gari lililokalia matofali. Tofali hupasuka ghafla, bila kukupa nafasi ya kutoka.
- Barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani, glavu.
- Praima ya epoksi, puti (uji mzito wa kujazia mabonde), praima ya kujazia, rangi, na thina ya kila kimoja. Rangi yote inunue siku moja, kwa mkorogo mmoja. Ya mwezi ujao haitafanana na ya leo. Kwa 504 mimi nilinunua lita 5, na iliyobaki naitumia kwa mikwaruzo.
- Logibuku. Ukibadilisha rangi ya gari, badiliko hilo lazima liingie kwenye rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Wengi hulikumbuka wakisimamishwa barabarani.

Majira nayo ni kifaa. Kukagua, kuchomelea na puti vinafanyika karibu mwaka mzima. Kupuliza rangi ya juu kungoje kaskazi, Januari hadi Machi, hewa ikiwa kavu.

Kazi yenyewe

1. Kagua kwa mkono, sikio na sumaku. Funga sumaku kwenye kitambaa uipitishe bodi nzima. Inapoteleza bila kushika, chini pana puti ya zamani. Gonga kwa kifundo cha kidole: bati zima hulia, bovu hunyamaza. Kisha chukua bisbisi uchokoe vizingiti chini ya milango, ncha za chini za madigadi, sakafu chini ya zulia, sakafu ya buti, mahali betri inapokaa, na kona za kioo cha mbele chini ya mpira. Usione huruma. Bisbisi ikizama, pale hapakuwa na bati, ni rangi tu iliyokuwa imesimama. Piga picha ya kila kitu na uandike daftarini.

2. Osha chumvi. Toa mazulia na viti. Inua gari, weka stendi, kisha piga maji matamu chini, ndani ya madigadi, ndani ya vizingiti kupitia matundu yake. Matundu madogo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango na vizingiti yazibue yote kwa waya. Kwenye gari langu kizingiti cha kushoto kilitoa mchanga wa kujaza kopo la kilo mbili, mchanga wa pwani uliokaa humo miaka, kila mvua ukinyonya maji na kuyatunza.

Osha, acha likauke, osha tena. Mimi hufanya mara tatu kwa siku tatu tofauti. Likishakauka lichunguze jioni hewa inapoanza kuwa na unyevu: penye chumvi hupiga weusi wa majimaji kabla ya pengine. Hapo rudia.

Kosa la kawaida: kuosha juu kunakoonekana na kuacha chini. Kutu ya pwani huanzia ndani kuja nje, na ukiiona juu tayari imekula nyuma.

3. Maliza kinachovuja. Breki, mabomba yake, petroli, oili ya injini, vyote kabla ya rangi. Mafuta ya breki yakidondokea rangi huiyeyusha. Tangi la petroli litolewe kabisa kabla ya kuchomelea popote karibu nalo. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndio unaolipuka. Na betri ifunguliwe.

4. Vua. Bampa, taa, vishikio, nembo, mipira ya milango na vioo. Skrubu za kila kitu zitie kwenye mfuko wake na kipande cha karatasi. Skrubu iliyogoma imwagie mafuta ya kulainisha kutu, ingoje siku mbili, ndipo uirudie. Usipake rangi ukiwa umeziba mipira kwa tepu badala ya kuivua: kwenye ukingo wa mpira ndipo rangi hubanduka kwanza na maji huingilia hapo.

Kabla rangi ya zamani haijapotea, tafuta pahali jua halijawahi kufika, kama nyuma ya mpira wa mlango au chini ya zulia la buti. Hapo utaiona rangi ya kiwandani ilivyokuwa. Yangu nilidhani ni ya maziwa, kumbe ilikuwa ya samawati hafifu. Nilikaa nikiitazama muda mrefu, kwa maana katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mjomba akiendesha gari la samawati. Nikairudisha.

5. Kwangua bati moja. Ratiba yangu ya siku haibadiliki. Saa mbili asubuhi naanza kukwangua. Saa nane mchana naacha, hata kama kimebaki kipande. Kilichobaki kina rangi yake ya zamani na kinaweza kungoja. Saa tisa naosha na kukausha. Saa kumi napuliza epoksi. Magharibi ikiingia bati limefunikwa.

Rangi ya kiwandani iliyoshika vizuri haina haja ya kutolewa. Ipige msasa 320 tu iwe na mparuzo. Yenye nyufa, malengelenge au matabaka ya mafundi wanne, toa hadi chuma. Grenda isikae sehemu moja, itapasha bati moto nalo litajikunja.

Vishimo vyeusi vidogo vinavyobaki baada ya brashi ya waya ndimo chumvi hujificha. Vipake dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, visugue, visiachwe vikaukie dawa, kisha suuza kwa maji matamu mengi na ukaushe palepale kwa kitambaa na hewa ya kompresa. Asidi iliyobaki chini ya epoksi huifanya isishike.

Land Rover: alumini ipige msasa na uipulizie epoksi siku ileile, maana praima ya kawaida haishikani nayo. Brashi iliyosugua chuma usiitumie kwenye alumini. Na kila mahali alumini inapokutana na chuma, weka mpira au tabaka nene la rangi kati yake. Zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

6. Kata na chomelea. Bati lililotoboka halitibiwi kwa puti, wala kwa gazeti lililolowekwa gundi. Haya nimeyatoa kwa mikono yangu kwenye magari ya watu. Kata mpaka ufike kwenye bati zima linalong'aa, kata kiraka cha milimita 0.8 hadi 1, kikae sawa, kisha chomelea kwa nukta: nukta hapa, nukta upande wa pili, acha ipoe, rudi katikati. Ukivuta mstari mmoja mrefu, mlango utapinda na hautafungika tena.

Mabati ya paa usiyatumie. Ni membamba, na zinki yake ikichomwa hutoa moshi unaoleta homa na maumivu ya kifua. Kama huna uzoefu wa kuchomelea bati jembamba, hii ndiyo hatua ya kumlipa fundi. Mlete afanye mbele yako, na mwambie mapema kwamba matundu ya maji yasizibwe.

7. Funika kwa epoksi. Makoti mawili, kwa vipimo vya kopo. Praima ya kijivu ya bei rahisi hupitisha maji. Ukiipaka peke yake na kuacha gari miezi mitatu, umelaza chuma chako chini ya sponji. Epoksi hufunga. Ikikaa siku nyingi kabla ya tabaka linalofuata, ipige msasa kwanza.

8. Puti, kidogo. Juu ya epoksi iliyopigwa msasa, si juu ya chuma kitupu chenye kutu. Unene usizidi milimita 3. Puti ya kiasi cha limau moja yataka hadina (dawa ya kuigandisha) ya kiasi cha punje ya kunde, na kwa joto letu punguza hata kidogo. Korogea pahali penye kivuli, mikorogo midogo midogo, kwani dakika tano tu imeshakuwa jiwe. Isugue kwa namba 80 juu ya kibao, kisha 180. Kiganja pekee hakisawazishi. Funga macho upapase. Mkono huona bonde ambalo jicho limelikosa.

Puti husuguliwa kavu. Hunywa maji kama mkate, na maji hayo hutafuta njia ya kutoka wakati rangi imeshakauka.

9. Praima ya kujazia. Makoti mawili au matatu. Ikikauka, rushia vumbi jepesi la rangi nyeusi, kisha piga msasa wa maji (matamu!) namba 400 na kibao. Panapobaki weusi ni bonde, panapotokea chuma ni kilima. Rekebisha, malizia na 600.

Mpaka hapa miezi imepita na gari lako ni la viraka vya kijivu. Watu watauliza lini litaisha. Endelea tu. Mafundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu, hawashiki rangi kabla ya kumaliza kalafati, na hakuna anayewaharakisha.

10. Siku ya rangi. Rangi ya juu ndiyo pekee inayopigwa gari zima kwa mkupuo mmoja. Kwa anayeanza nashauri rangi tupu, isiyo na chembe za kung'aa, kwa sababu ile ya chembe huonyesha kila mkono ulipotetereka.

NC au 2K? Kama unapuliza nyumbani, NC. Hukauka haraka, vumbi halipati nafasi, na kosa lake hutolewa kwa msasa. Udhaifu wake ni kwamba jua huichosha mapema, na inahitaji kung'arishwa mara kwa mara. 2K ni ngumu na hudumu, lakini hadina yake ina kemikali iitwayo isosianati. Mapafu yakishaanza kuikataa, hata mvuke kidogo huleta pumu, na hali hiyo haiponi. Barakoa ya kitambaa haikingi kitu. Mafundi wa kweli wa 2K huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Kama huna, mwachie mwenye chumba cha rangi, na usipulize 2K uani penye watoto.

Amka mapema. Ngoja umande ukauke juu ya bodi, kisha fanya kazi kati ya saa mbili na nusu na saa nne, kabla upepo wa bahari haujainuka. Mwaga maji sakafuni vumbi litulie. Toa maji kwenye tangi la kompresa. Pangusa bodi kwa kitambaa chenye thina ya kupangusia, halafu kikavu. Petroli usiitumie, huacha mafuta. Rangi ichuje kwa soksi nyembamba. NC mimi huichanganya nusu kwa nusu na thina.

Jaribu kwanza kwenye bati la kando. Shika bunduki umbali wa chini kidogo ya shubiri, mkono uende sambamba na bodi bila kuchora upinde, na kila mstari ulalie nusu ya uliotangulia. Anza kubonyeza kabla ya kufika ukingo, achia baada ya kuupita. Koti la kwanza liwe jembamba kama vumbi. Paa kwanza, kisha ubavu. NC makoti matano au sita, ukingoja dakika 10 hadi 15 kati yake. Ukihisi hamu ya kuongeza koti nene moja umalize haraka, weka bunduki chini, ukanywe maji.

11. Ng'arisha. Ngoja wiki mbili. Msasa wa maji 1500, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arishia. Kingo ziepuke, hapo rangi ni nyembamba. Nta ya juu isipakwe kabla ya mwezi kupita.

12. Nta ya ndani, kisha rudisha vitu. Puliza nta ya mashimoni ndani ya vizingiti, milango na boriti za chini, na uhakikishe matundu ya maji bado yako wazi. Lami usipake chini. Ikikauka hupasuka, maji ya chumvi yakaingia nyuma yake na hutayaona.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu mweupe juu ya NC.* Unyevu umenaswa wakati thina inaruka. Acha kupuliza. Siku kavu ikija, pitisha koti jembamba lenye thina ya kukausha polepole. Mara nyingi ukungu huondoka. Usipoondoka, msasa.

*Vidoa vya mviringo kama macho ya samaki.* Mafuta au silikoni kwenye bodi, au oili kutoka kompresa. Usijazie rangi. Kausha, piga msasa, pangusa upya, kagua kichujio.

*Rangi yenye vinyweleo kama ganda la chungwa.* Rangi nzito, bunduki mbali, au hewa kidogo. NC hutibika kwa 1500 na kung'arisha.

*Machozi.* Umekaribia mno au umekawia sehemu moja. Usiguse ikiwa mbichi. Baada ya wiki, msasa na kibao kidogo.

*Kukunjamana kama ngozi ya maziwa.* Thina kali imeamsha rangi ya zamani. Kabla ya kuanza, sugua rangi hiyo kwa kitambaa chenye thina ya NC. Ikiyeyuka, itoe yote au ifunge kwa epoksi kwanza.

*Malengelenge baada ya miezi.* Hapa hakuna dawa ya juu. Rudi hatua ya 2 kwa bati hilo.

*Alama za kunguru.* Kinyesi chao hula rangi mpya ndani ya siku moja ya jua. Osha palepale, na usiegeshe chini ya mwembe wanaolala.

Baada ya hapo, kila wiki gari lipate maji matamu chini yake, hata kama juu ni safi, na kila mwaka kabla ya masika zibua matundu ya milango kwa waya uleule wa hatua ya 2. Wangu nautundika msumarini, mlangoni mwa banda.